Dawa ya bakteria badala ya shaba kwenye nyanya: nilivyoiona Kayenze

Nianze na jibu, maana najua kuna mtu anasoma hapa akiwa amesimama dukani, pakiti mkononi, muuzaji anamsubiri. Hii dawa ya kuvu iliyotengenezwa kwa bakteria, ile iliyoandikwa Bacillus subtilis, inafaa kiangazi, na inafaa zaidi ukishaanza kuchuma. Mvua zikichachamaa haiwezi kubeba shamba peke yake. Bei yake inauma. Mimi nitainunua tena, ila si kwa msimu wote na si kwa kila tuta. Mwenye haraka aishie hapo. Mwenye nyanya shambani asome mpaka mwisho.

Ninalima Kayenze, Manispaa ya Ilemela, Mwanza, kwenye kipande kinachotazama Ziwa Victoria. Nyanya ndiyo kazi, nyingi ni za aina ya Tanya, pembeni nyanya chungu, bamia na matango kidogo ya kuuza jirani. Maji navuta ziwani kwa mashine ndogo ya petroli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zetu zikae mita 60 kutoka ufukweni, na matuta yangu yako nyuma ya hapo. Lakini mteremko wa huku unajulikana. Mvua ikipiga kwenye miamba yetu ile, maji hayana pa kuzama, yanashuka yote ziwani pamoja na udongo na chochote ulichopulizia juzi.

Miaka yote nimetumia dawa za shaba, zile za bluu. Sina ugomvi nazo. Zinakinga bakajani, ule ugonjwa unaotia majani madoa na kuyakausha, zinasaidia hata madoa ya bakteria ambayo dawa nyingine za kuvu hazigusi, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Aliyenichokonoa ni jirani yangu mwenye vizimba vya sato. Alikuja asubuhi moja, tukasalimiana, tukaulizana watoto, tukalaumu bei ya chakula cha samaki, ndipo akasema, "Mama, hiyo dawa yako ya bluu ikishuka huku, mimi nitakula wapi?" Nikamwambia shamba langu ni leso tu na ziwa ni ziwa. Akanijibu kwa upole kwamba ziwa ni kubwa kweli, ila mfereji wangu haumwagi katikati ya ziwa, unamwaga usoni kwake. Nikanyamaza. Baba watoto, ambaye ni mtu wa dagaa na kwa kawaida hayaingilii mambo ya nyanya, akacheka akasema leo umepatikana.

Na jirani hakuwa anabahatisha. Mrututu, ambao ndio mama wa dawa hizi zote za bluu, ndio uliokuwa ukimwagwa kwenye mifereji ya Misri na Sudan kuua konokono wanaobeba kichocho. Konokono walikufa, lakini samaki nao hawakusalimika, kwa sababu shaba iliyoyeyuka majini inawaharibu matamvua. Sisi wa ukanda huu kichocho tunakijua kwa majina yote, kwa hiyo habari ya dawa inayoua konokono inaweza kusikika tamu. Ila vizimba vya watu viko hapo hapo.

Kuna sifa nyingine ya shaba ambayo lebo haiiandiki kwa herufi kubwa: haiozi. Dawa nyingi za viwandani huvunjika taratibu kwa jua na kwa vijidudu vya udongo. Shaba ni madini. Uliyoweka leo itakuwepo wajukuu wako wakilima pale pale, na inakaa kwenye udongo wa juu, penye mizizi na minyoo. Wafaransa wanalijua hili kuliko wote kwa sababu wao ndio walioanza. Mwaka 1885 profesa mmoja wa mimea huko Bordeaux, Millardet, aliutangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Alikuwa ameona kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyopakwa mchanganyiko huo ili wapita njia waogope kuiba zabibu, ilibaki na majani wakati mingine imepukutishwa na ugonjwa wa majani uitwao ubwiri. Tangu siku hizo wamepiga, wamepiga, na yapo mashamba ya zabibu huko ambayo udongo wake sasa umejaa shaba. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kuanzia mwaka 2019, umeweka kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, sawa na wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Na wanahesabu shaba yenyewe, si uzito wa unga mzima.

Nilichukua kalamu. Dawa yangu ni ya asilimia 50. Naweka gramu 80 kwenye bomba la kupulizia la lita 20, kwa hiyo gramu 40 ni shaba. Ekari ya nyanya zilizokomaa ikila mabomba 12, hiyo ni karibu nusu kilo ya shaba kwa kupiga mara moja, na ukiipeleka kwenye hekta inakuwa kama kilo moja na robo. Ukipiga mara nne umeshapita mgao wa mkulima wa Ulaya wa mwaka mzima. Masika hapa Mwanza, nani anaishia mara nne?

Ndipo nikaenda mjini kutafuta mbadala.

Duka sitalitaja. Liko upande wa Buzuruga, linauza mbegu, mbolea, vyandarua na chanjo za kuku, kila kitu kimoja juu ya kingine. Kijana wa dukani aliniamkia vizuri, nikaitika, nikamweleza ninachotaka. Akanyoosha mkono dirishani akatoa pakiti iliyokuwa imeota jua mpaka rangi ya karatasi imepauka. Nikamwambia, "Hiyo mwanangu irudishe, nipe iliyokaa ndani." Hii si maringo. Ndani ya pakiti mna viumbe hai waliolala, na ingawa hawa Bacillus wana ganda gumu na wanavumilia kuliko wenzao, hakuna sababu ya kununua waliochomwa na jua wiki nzima. Pakiti ya pili ilitoka kwenye kabati, tarehe ya kuisha iko mbali, namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya viuatilifu, ipo. Hapo nikatulia. Kijana akaniambia inatibu magonjwa yote, hata mnyauko, na nichanganye na shaba kwenye bomba moja ili iwe kali. Lebo ya pakiti hiyo hiyo aliyoishika inakataza kuchanganya na shaba. Risiti alinipa bila kuombwa, kwa hilo nampa alama zake. Kwa ushauri simpi hata moja.

Nyumbani niliisoma lebo yote na kikombe cha chai. Mtengenezaji hakuwa akimfikiria mtu wa Kayenze. Mbele kuna tawi la mzeituni na kishada cha zabibu, na nyanya imebanwa kwenye jedwali dogo nyuma, mstari wa chini. Nikataka kujua mizeituni ina shida gani mpaka ipewe heshima hiyo. Kumbe Italia, Hispania, Ugiriki na Tunisia wanasumbuliwa na kuvu wanaouita jicho la tausi. Jani la mzeituni linatokea doa la mviringo, duara ndani ya duara, kisha linageuka njano na kuanguka. Sasa jani la mzeituni si la msimu mmoja, linaweza kuishi miaka miwili hata mitatu mtini, kwa hiyo mti ukipukutika leo, mavuno yanayofuata yanaumia. Dawa ya jadi huko ni hiyo hiyo shaba, ikipigwa kabla ya kipindi chao cha mvua na tena baridi ikielekea kwisha. Kikomo kilipowabana wakaanza kutafuta vya kupunguzia: bakteria kama hawa, potasiamu baikaboneti, maji ya mmea wa Equisetum ambao Ulaya iliuruhusu mwaka 2014, na kitosani inayotengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa. Wanaanza pia kwenye kuchagua aina ya mti, maana si mizeituni yote inayougua sawa. Aina ya Picual, ambayo Wahispania wanayo kwa wingi, inashambuliwa sana, wakati Lechín de Sevilla inajikaza.

(Jirani wa vizimba aliposikia habari ya magamba akauliza kama ya sangara hayafai, maana viwanda vinayatupa. Hayafai. Kitosani inatokana na kitini, na kitini iko kwenye maganda ya kamba na kaa. Magamba ya samaki ni kitu kingine.)

Kwa nini nakusumbua na mizeituni ambayo hapa hatuli hata matunda yake? Kwa sababu bakajani tangulia ya nyanya ina tabia za huyo tausi. Doa lenye duara ndani ya duara, linaanzia majani ya chini, linataka jani lililolowa, na tone la mvua linalogonga udongo au jani bovu ndilo linalorusha ugonjwa kwenye jani lenye afya. Dawa iliyotengenezwa kumkabili mmoja ina hoja ya kujaribiwa kwa mwingine. Na wale wa mizeituni wameandika kwa uwazi kitu ambacho kijana wa Buzuruga hakukisema: bakteria hawa ni walinzi, si waganga. Wanakalia jani kabla kuvu haijafika, wanatoa vitu vinavyotoboa ngozi ya mbegu za kuvu, na wanabana nafasi na chakula. Kuvu ikishaingia ndani ya jani, bakteria wako nje wanapiga hodi.

Kwa hiyo niligawa shamba. Matuta ya upande wa mwembe yalipata bakteria, ya upande wa barabara yalipata shaba kama kawaida, na mistari michache ya katikati niliiacha bila kitu chochote. Watu waliniuliza hiyo mistari nimeikosea nini. Lakini bila hiyo ungejuaje? Mwaka mwingine ugonjwa hauji kabisa, na dawa yoyote, hata maji ya chumvi, ingepata sifa.

Kuchanganya ni rahisi. Unga unakoroga kwanza kwenye kopo mpaka ulainike, ndipo unamimina kwenye bomba. Usipokoroga vizuri nozeli inaziba, na kuzibua nozeli kwa mdomo kama wanavyofanya vijana ni tabia mbaya hata kwa dawa isiyo na sumu kali. Rangi yake ni kahawia, harufu ni kama ya chachu, haikeri. Bomba lililowahi kubeba shaba lioshwe mara mbili tatu. Nilikuwa napiga jioni, jua likishalala juu ya ziwa na upepo wa mchana umetulia, kwa sababu jua kali linawaua bakteria hawa pale pale juu ya jani. Hapa kwetu upepo wa ziwa una saa zake na kila anayepuliza dawa anazijua. Kinga usoni nilivaa, maana lebo inaonya kwamba vumbi lake linaweza kukusumbua kifua. Yaani kwamba ni ya asili haimaanishi uinuse.

Juni mpaka Septemba, sikuona tofauti kati ya upande wa mwembe na upande wa barabara. Kweli nilitafuta. Nilimwita mdogo wangu, ambaye ana macho makali na hapendi kunifurahisha, nikamzungusha bila kumwambia upande upi ni upi, akashindwa kutaja. Mistari ya katikati ndiyo ilijionyesha, majani ya chini yalianza madoa na kukauka wakati pande zote mbili bado ni kijani. Ugonjwa ulikuwepo basi, ila mdogo. Kwenye kiwango hicho cha ugonjwa, bakteria wanatosha. Na hicho ndicho kiwango tunachokuwa nacho kwa miezi yote ya kiangazi, ukimwagilia chini kwenye shina na si juu ya majani.

Faida iliyonishangaza haikuwa kwenye majani. Nyanya zikianza kuiva huku tunachuma kila baada ya siku chache, na shaba inataka usubiri siku kadhaa baada ya kupiga ndipo uchume. Kila mkulima anaijua sheria hiyo na kila mkulima anajua dalali akipiga simu jioni kwamba kesho asubuhi gari linapita, sheria inaenda wapi. Hii ya bakteria haina siku za kusubiri. Unapiga leo jioni, kesho unachuma. Kisha tunda linatoka safi. Dawa ya bluu inaacha vumbi kwenye bega la nyanya, karibu na kikonyo, na mama anayenunua sado pale Buhongwa anaisugua kwa kidole, anakutazama, anairudisha. Wachuuzi wangu wanazifuta kwa kitambaa chenye maji, na nyanya iliyofutwa kwa kitambaa kimoja cha maji machafu haikai, inaanza kuoza kwenye tenga. Matenga ya upande wa mwembe hayakufutwa. Mchuuzi mmoja aliniuliza kama nimebadilisha mbegu.

Halafu mvua za vuli.

Wiki ya kwanza ilikuwa manyunyu, nikawa na matumaini. Baadaye ikaja ile mvua ya Mwanza inayoanza saa kumi alfajiri na radi juu ya ziwa, ikasimama saa nne asubuhi, jua likatoka kali, jioni mawingu tena. Jani halikauki. Upande wa mwembe ulianza kupoteza majani ya chini, kisha ya katikati, na matunda machache yakatokea doa jeusi penye kikonyo. Nilipunguza nafasi kati ya kupiga na kupiga, na hapo ndipo pochi ilipolia. Mvua kubwa inawasomba bakteria, unarudi mwanzo. Shaba nayo inasombwa, tusidanganyane, lakini inang'ang'ania zaidi, na upande wa barabara ulibaki na majani ya kutosha kufunika matunda. Mistari ya katikati isiyo na dawa ilibaki vijiti. Kwa hiyo bakteria hawakuwa bure, walikuwa katikati: bora sana kuliko kuacha, duni kuliko shaba.

Nilifanya nini? Upande wa mwembe nilipiga shaba, mara chache, ugonjwa ulipokuwa unapanda, kisha nikarudi kwa bakteria mvua zilipopungua na uchumaji ulipoanza tena. Jirani wa vizimba nilimwambia mwenyewe, na nikahamisha mdomo wa mfereji ukaingia kwanza kwenye migomba na majani ya tembo kabla ya kuteremka. Hakufurahi, lakini alikubali kwamba kiasi ni kidogo kuliko zamani.

Sasa bei, maana hapa ndipo wengi wataniaga. Pakiti ya gramu 250 niliuziwa Sh 28,000. Kipimo chake ni gramu 50 kwa lita 20, unapata mabomba matano, bomba moja Sh 5,600. Shaba nilinunua kilo Sh 22,000. Kwa kipimo changu cha gramu 80 inatoa mabomba 12 na nusu, bomba moja Sh 1,760. Zaidi ya mara tatu, na bakteria unawapiga mara nyingi zaidi. Kwa ekari nzima, mvua zote, hesabu hiyo haisimami, hata kama unapenda ziwa namna gani. Kwa robo ekari ya kiangazi, tena wiki za kuchuma tu, inasimama, kwa sababu tenga lisilofutwa na lisilooza lina thamani yake.

Vitu vingine nilivyojaribu au kuona wenzangu wakijaribu, kwa kifupi, kwa kuwa kila ukitaja mbadala wa dawa ya dukani mtu anakuletea ndoo ya kitu fulani.

Mwarobaini. Naupenda, ninao uani, na kwa vidukari na viwavi wadogo unanisaidia. Kwa bakajani sikuona kitu. Nguvu yake kubwa ni kwa wadudu. Anayekuambia unamaliza ukungu wa nyanya amechanganya mambo.

Maziwa. Usicheke. Huko Brazili mwaka 1999 walichapisha majaribio ya maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji dhidi ya ubwiri unga kwenye mimea ya jamii ya maboga, na yakafanya kazi. Kwenye matango yangu, sehemu moja ya maziwa kwa sehemu tisa za maji, unga mweupe ulipungua kweli. Kwa nyanya zenye bakajani, hapana. Na nyumba yenye watoto haiwezi kunywesha matango maziwa kila wiki bila maneno.

Magadi. Hapa nasema kwa nguvu: acheni. Potasiamu baikaboneti wanayotumia Ulaya na magadi yetu ya kulainishia maharage si kitu kimoja. Magadi ni ya sodiamu, yanaunguza kingo za majani, na ukirudia rudia yanaharibu udongo. Hata ile ya kuumulia maandazi ni ya sodiamu. Ya potasiamu niliipata kwa taabu kwenye duka la kemikali mjini. Kwa ubwiri unga ni nzuri sana, kwa bakajani inasaidia kidogo, mvua ikinyesha imeondoka.

Trichoderma. Huyu ni kuvu rafiki, kazi yake ni udongoni, si majani. Niliweka kwenye kitalu, kwenye udongo wa miche, na kinyausi, ule ugonjwa wa miche kunyauka na kuanguka, kilipungua mpaka nikaacha kupanda mbegu za ziada za kufidia. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu cha kibayolojia mwaka huu, nenda na hiki cha kitaluni kabla ya kile cha majani, na matumizi yake ni kidogo hivyo hata bei haikushtui. Ila usimwagie shaba kwenye kitalu hicho hicho.

Mnyauko bakteria, ule mmea unalala mchana ukiwa bado wa kijani na ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji linatoa uzi mweupe: hakuna katika hivi vyote kinachouponya, iwe bakteria, shaba au mwarobaini. Ng'oa, choma, badilisha shamba, usirudishe nyanya, biringanya wala nyanya chungu hapo.

Kilichobeba kazi zaidi ya pakiti, nikitazama nyuma, ni mikono. Wale wa mizeituni wanapogoa katikati ya mti ili upepo upite na jani likauke mapema. Sisi tuna nyanya fupi zinazolala chini. Nilizisimamisha kwa miti na kamba ya katani, nikatandaza nyasi kavu chini ili tone la mvua lisirushe udongo, nikakata majani ya chini yote yaliyogusa ardhi na kuyachoma mbali. Mistari niliyosimamisha, iwe ya bakteria au ya shaba, iliugua kidogo kuliko ile niliyochelewa kuifikia. Kazi hii inataka kibarua, na kibarua naye ana bei yake, lakini nyasi ni za bure na miti nilikata kwenye michongoma yangu.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye bustani ya kiangazi kando ya maji, mwenye wateja wa hoteli wanaouliza nyanya imepigwa nini, mwenye matango na maboga anayetaka kuyakinga na ubwiri unga kabla haujaingia, na yeyote anayechuma mfululizo. Asinunue anayepanda Februari akitegemea masika, kama hana shaba ya akiba stoo. Asinunue kabisa ambaye tayari ana ugonjwa shambani na anatafuta tiba, maana atatupa Sh 28,000 na kisha atakuja kusema dawa za kibayolojia ni utapeli.

Ukifika dukani, omba iliyokaa kivulini, soma tarehe, tafuta namba ya TPHPA, na ukifungua pakiti uimalize mapema au uikunje vizuri uiweke pakavu penye ubaridi. Yangu iliyobaki nimeiweka kwenye chungu cha maji kisichotumika, nyuma ya mlango, mbali na watoto. Nitaifungua tena Juni.